Jibu kwa mwalimu wa Mwanza: kwa nini Ulaya haina jeshi moja, na kinachoimarishwa ni nini hasa

Swali: "Shikamoo. Nafundisha historia kidato cha tano na sita hapa Mwanza. Tukiwa kwenye mada ya jumuiya za kikanda, wanafunzi waliniuliza swali nikakosa jibu la kuwaridhisha. Umoja wa Ulaya una nchi 27, una bunge, una mahakama, na nchi nyingi zinatumia sarafu moja. Kwa nini hauna jeshi moja, na kwa nini bado unaitegemea Marekani? Halafu hii sera ya pamoja ya usalama na ulinzi tunayosikia kila siku kwamba inaimarishwa, ina maana gani kwa vitendo? Na sisi huku inatuhusu?"

Marahaba, mwalimu. Usione haya kukwama. Swali hilo mawaziri wa Ulaya wenyewe wanaulizana tangu mwaka 1950.

Nianze na jibu lenyewe, kisha nilifafanue. Ulaya haina jeshi moja kwa sababu hakuna nchi iliyokubali mtu aliye nje ya serikali na bunge lake aamue ni lini vijana wake waende vitani. Fedha ipo: mwaka 2024 nchi hizo 27 zilitumia Euro bilioni 343 kwa ulinzi, sawa na asilimia 1.9 ya pato lao. Wanajeshi wapo, zaidi ya milioni moja wakijumlishwa wote. Asiyekuwepo ni mwenye neno la mwisho. Na mimi, kwa kadiri nilivyolifuatilia jambo hili, naamini kwamba sera ya pamoja imepata nguvu kila mara nchi moja ilipojitwisha mzigo ikawavuta wenzake, na imelala kila mara wote walipongojeana. Nikieleza hapa chini utaona ushahidi wake mwingi umetoka karibu na kwetu kuliko wanafunzi wako wanavyodhani.

Wazo la jeshi moja ni la zamani. Oktoba 1950, vita vya Korea vikiwa vimeanza miezi michache nyuma, Marekani ilitaka Ujerumani Magharibi ipewe tena silaha ili isaidie kuuzuia Muungano wa Kisovieti. Ufaransa, ambayo miaka sita tu kabla ilikuwa chini ya majeshi ya Hitler, haikuweza kulimeza hilo. Waziri mkuu wake, René Pleven, akapendekeza njia ya katikati: Wajerumani wavae sare, lakini iwe sare ya jeshi la Ulaya, chini ya waziri wa ulinzi wa Ulaya. Mkataba wa kuunda Jumuiya ya Ulinzi ya Ulaya ukatiwa saini Paris tarehe 27 Mei 1952 na nchi sita: Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg. Nne kati yake zikauridhia. Tarehe 30 Agosti 1954 ukafika mbele ya Bunge la Ufaransa, nchi ile ile iliyoubuni, ukaangushwa kwa kura 319 dhidi ya 264. Wafuasi wa Jenerali de Gaulle, walioona jeshi la taifa linauzwa, walisimama upande mmoja na wakomunisti, ambao hawakutaka Mjerumani ashike bunduki ya aina yoyote. Kufikia siku hiyo Stalin alikuwa ameshakufa na vita vya Korea vimesimama, na Ufaransa ilikuwa bado inauguza kidonda cha kushindwa Dien Bien Phu kule Vietnam. Hofu iliyouzaa mkataba ilikuwa imepoa, na heshima ya jeshi la taifa ilikuwa imeguswa pabaya.

Mei 1955 Ujerumani Magharibi ikaingia NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi unaoongozwa na Marekani, na tangu hapo ulinzi wa Ulaya ukawa kazi ya NATO, yaani kwa sehemu kubwa kazi ya Marekani. Ningependa wanafunzi waliangalie hilo vizuri. Utegemezi wanaouliza haukuanguka kutoka mbinguni. Ulichaguliwa, na kwa miaka mingi uliwafaa: Marekani ililipa, Ulaya ikajenga viwanda, hospitali na shule.

Kilichowaamsha ni Yugoslavia. Vita vilipoanza mwaka 1991 viongozi wa Ulaya walisema huo ni wakati wao, wao ndio watakaovimaliza. Hawakuvimaliza. Julai 1995, katika mji wa Srebrenica uliokuwa umetangazwa eneo salama na Umoja wa Mataifa na kulindwa na askari wa Uholanzi, wanaume na wavulana takriban 8,000 Waislamu wa Bosnia waliuawa. Mapatano ya amani yalipopatikana Novemba mwaka huo, yalipatikana Dayton, Marekani, katika kambi ya jeshi la anga la Marekani. Aibu ile iliwaingia. Desemba 1998 Tony Blair, waziri mkuu wa Uingereza, na Jacques Chirac, rais wa Ufaransa, walikutana Saint-Malo, pwani ya Ufaransa, wakakubaliana kwamba Umoja wa Ulaya lazima uweze kuchukua hatua za kijeshi peke yake. Mwaka uliofuata, Helsinki, viongozi wakaahidi kwamba ifikapo 2003 wangeweza kupeleka askari 60,000 popote ndani ya siku 60. Jeshi hilo halijawahi kuonekana.

Badala yake kikaja kitu kidogo zaidi, na hapa ndipo nataka mwalimu utumie muda darasani, kwa sababu kilitokea Bunia.

Mei 2003 majeshi ya Uganda yaliondoka Ituri, mashariki mwa Kongo. Waliobaki ni kikosi kidogo cha Umoja wa Mataifa, wengi wao askari wa Uruguay ambao hawakuwa na silaha za kutosha wala idhini ya kupambana na makundi yenye silaha ya makabila ya Wahema na Walendu. Mauaji yakaanza mjini. Maelfu ya raia wakakimbilia kwenye uzio wa kambi ya Umoja wa Mataifa na uwanja wa ndege. Kofi Annan, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, akaomba msaada wa haraka; Ufaransa ikasema itaongoza, kwa sharti kwamba wengine waunge mkono. Tarehe 30 Mei Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 1484, na kabla ya katikati ya Juni askari wa kwanza walikuwa wanashuka Bunia kupitia Entebbe. Operesheni hiyo iliitwa Artemis. Ilikuwa ya kwanza ya Umoja wa Ulaya kufanywa nje ya Ulaya, na ya kwanza kufanywa bila kutumia makao makuu wala vifaa vya NATO. Askari walikuwa chini ya 2,000, wengi wao Wafaransa, pamoja na makomandoo wa Sweden, wahandisi wa Uingereza waliotengeneza uwanja wa ndege, na wengine. Amri ilitolewa Paris.

Je, ilifaa? Ndani ya mji wa Bunia, ndiyo. Silaha zilipigwa marufuku mjini, watu wakarudi, soko likafunguliwa. Nje ya mji mauaji yaliendelea, na wenyeji wa Ituri wana haki ya kulisema hilo kwa uchungu, kwa sababu mamlaka ya kikosi yaliishia mjini na muda wake uliishia tarehe 1 Septemba. Hata hivyo kilinunua muda wa kutosha kwa Umoja wa Mataifa kuleta kikosi kikubwa zaidi. Kwa wale waliokuwa wamejikunyata kwenye uzio ule, wiki zile zilikuwa tofauti ya kuishi na kufa.

Ulaya ilifurahia matokeo hayo kiasi kwamba iliyageuza kuwa mfumo. Iliundwa safu ya vikosi vya askari 1,500 hivi kila kimoja, vilivyowekwa tayari kwa zamu ya miezi sita, viwili kwa wakati mmoja, ili likitokea jambo kama la Bunia kusiwe na haja ya kuanza kutafutana. Kuanzia Januari 2007 zamu zilikuwa zimekamilika. Chombo kilikuwepo, kimefunzwa, kimekaguliwa, kimepeperushiwa bendera.

Mwishoni mwa Oktoba 2008 wapiganaji wa Laurent Nkunda, jenerali muasi wa Kongo, walifika kwenye viunga vya Goma. Jeshi la Kongo lilikimbia. Siku chache baadaye watu wapatao 150 waliuawa Kiwanja, kaskazini ya mji, karibu kabisa na kambi ya askari wa Umoja wa Mataifa. Baraza la Usalama liliidhinisha askari 3,000 wa nyongeza, lakini wangechukua miezi kufika, kwa hiyo Umoja wa Mataifa ukaiomba Ulaya itume kikosi cha kuziba pengo, vilevile kama Bunia. Ubelgiji iliunga mkono. Ujerumani na Uingereza hazikutaka. Ulaya ikakataa.

Naomba ulitafakari hilo pamoja na wanafunzi. Mwaka 2003 hapakuwa na kikosi cha zamu, na askari walifika ndani ya wiki mbili. Mwaka 2008 vikosi vya zamu vilikuwepo, na hakuna aliyefika. Tofauti ni kwamba mara ya kwanza palikuwa na serikali moja iliyosema "tunakwenda", na mara ya pili hapakuwa nayo. Vikosi vile vya zamu havijawahi kutumwa popote.

Sababu zake si uoga peke yake. Nchi ambayo zamu yake imefika ndiyo inayolipa gharama karibu zote. Mfuko wa pamoja hufidia sehemu ndogo tu. Kwa hiyo waziri wa fedha anaweza kuona zamu ya nchi yake kama bahati nasibu mbaya. Kisha kuna sheria za nyumbani. Rais wa Ufaransa anaweza kutuma jeshi na kulitaarifu bunge ndani ya siku tatu. Kura ya bunge huhitajika operesheni ikizidi miezi minne. Ujerumani ni kinyume kabisa: Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 1994 kwamba askari hawatoki kwenda kwenye mapambano bila bunge kuridhia kwanza, na ukikumbuka historia yao huwezi kuwalaumu. Ireland kwa miaka mingi imetaka masharti matatu yatimie kabla ya kutuma zaidi ya askari 12: uamuzi wa serikali, kura ya bunge, na idhini ya Umoja wa Mataifa. Kikosi chenye askari wa nchi tatu za namna hiyo hutembea kwa mwendo wa aliye nyuma kuliko wote.

Juu ya sheria za nyumbani kuna mkataba wenyewe. Mkataba wa Lisbon, uliotumika kuanzia Desemba 2009, unasema katika ibara ya 42, kifungu cha 7, kwamba nchi mwanachama ikishambuliwa kwa silaha katika ardhi yake, wenzake wana wajibu wa kuisaidia kwa njia zote zilizo katika uwezo wao. Kimaneno ni ahadi nzito kuliko ibara ya 5 ya NATO, ambayo inaiachia kila nchi ichukue hatua inayoona inafaa. Lakini nyuma ya NATO kuna makao makuu, mipango ya vita iliyoandikwa, na jenerali wa Marekani. Nyuma ya kifungu cha 7 kuna barua kutoka nchi moja kwenda nyingine. Kimetumika mara moja tu: Ufaransa ilikiomba baada ya mashambulizi ya Paris ya tarehe 13 Novemba 2015, na wenzake wakajibu kila mmoja kivyake, Ujerumani kwa mfano ikituma ndege za upelelezi na manowari moja katika vita dhidi ya kundi la Dola la Kiislamu, na kuongeza askari Mali.

Mkataba huo huo unadai kwamba uamuzi wa kijeshi upitishwe kwa kauli moja. Mmoja akisema hapana, basi. Pia unakataza bajeti ya kawaida ya Umoja kulipia operesheni za kijeshi, ndiyo maana mwaka 2021 ulianzishwa mfuko wa pembeni unaoitwa Mfuko wa Amani wa Ulaya, ukianza na ukomo wa Euro bilioni 5 hivi kwa miaka saba. Vita vya Ukraine vilipoanza tarehe 24 Februari 2022, mfuko huo uliokuwa umebuniwa zaidi kwa ajili ya Afrika ndio uliotumika kuwarudishia nchi wanachama fedha za silaha walizoipa Ukraine, na ukomo ukapandishwa hadi zaidi ya bilioni 17. Kisha Hungary ikautilia breki: fedha zaidi ya bilioni 6 zikakwama kwa kura moja ya turufu.

Ukraine ndiyo iliyobadilisha hesabu zote, na ilifichua udhaifu ambao mijadala ya jeshi moja ilikuwa inaufunika. Machi 2023 Umoja wa Ulaya uliahidi kuipa Ukraine makombora ya mizinga milioni moja ndani ya miezi 12. Muda ulipokwisha, karibu nusu tu ndiyo yaliyokuwa yamefika. Lengo lilikaribiwa mwishoni mwa 2024. Viwanda vilikuwa vimezoea oda ndogo za wakati wa amani. Zaidi ya hapo, kila serikali ilikuwa imezoea kununua kwa kiwanda cha kwake. Mkataba unairuhusu nchi kukwepa kanuni za soko la pamoja kwa sababu ya usalama wake, na mlango huo umetumiwa mno. Ripoti ya Mario Draghi, waziri mkuu wa zamani wa Italia, ya Septemba 2024 ilihesabu aina 12 za vifaru katika majeshi ya Ulaya, wakati Marekani inatengeneza aina moja. Mizinga ya milimita 155 iliyopelekwa Ukraine kutoka Ulaya ilikuwa ya aina kumi. Kipenyo ni kimoja, lakini si kila kombora linaingia katika kila mzinga kwa usalama, kwa hiyo askari aliye kwenye handaki alilazimika kuchambua masanduku kabla ya kufyatua. Jambo hilo la makaratasi linaweza kugharimu maisha ya watu, na linanikasirisha kila ninapoliandika.

Na nani aliyepunguza pengo la makombora? Tena ni nchi moja. Mapema mwaka 2024 rais wa Jamhuri ya Czech, Petr Pavel, jenerali mstaafu, alisema nchi yake imepata makombora mengi ya kununua nje ya Ulaya, atafutwe tu wa kulipa. Ujerumani, Uholanzi, Denmark na wengine wakalipa. Mwaka huo ukipita, makombora kama nusu milioni ya milimita 155 yalikuwa yamefika kwa njia hiyo. Ni nchi ya watu chini ya milioni 11, na haikungoja kauli moja ya wote 27.

Kwa hiyo ukisikia leo kwamba sera ya pamoja inaimarishwa, mambo yaliyo mazito kweli ni ya ununuzi na mikopo, wala si ya bendera. Wakulima wanaoungana kununua mbolea kwa pamoja wanajua kwa nini: bei hushuka, na mwenye kiwanda anapata uhakika wa kuzalisha. Mei 2025 nchi wanachama zilipitisha mpango uitwao SAFE, wa mikopo ya hadi Euro bilioni 150 ambayo Kamisheni ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja, inakopa kwa jina la wote na kuwakopesha wanachama, hasa kwa manunuzi yanayofanywa na nchi mbili au zaidi. Sharti mojawapo ni kwamba vipuri na sehemu zinazotoka nje ya Ulaya na Ukraine zisizidi asilimia 35 ya gharama. Nchi 19 ziliomba, Poland ikipangiwa fungu kubwa kuliko zote, zaidi ya bilioni 43. Kisheria ulipitishwa kwa ibara ya dharura za kiuchumi, ambayo haihitaji kauli moja. Bunge la Ulaya, lililorukwa katika utaratibu huo, limekwenda mahakamani. Nalielewa bunge, lakini pia naelewa kwa nini serikali zilipita njia hiyo: njia ya mbele ilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtu mmoja.

Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ulipata kamishna wake wa kwanza wa ulinzi, Andrius Kubilius, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Lithuania. Hana askari hata mmoja. Kazi yake ni viwanda, fedha, reli na madaraja. Wanafunzi wasidharau reli na madaraja. Kifaru cha tani zaidi ya 60 hakipiti kila daraja, vibali vya kuvusha silaha mpakani vimewahi kuchukua wiki nzima, na treni inayotoka Poland kwenda Lithuania, Latvia na Estonia hukuta reli pana zaidi, za vipimo vya enzi ya Urusi, kwa hiyo mizigo hulazimika kuhamishwa. Ujerumani inaweka Lithuania brigedi ya askari karibu 5,000 inayotarajiwa kukamilika 2027, na ni mara ya kwanza tangu Vita Kuu ya Pili kwa jeshi lake kuhamia kudumu katika nchi nyingine kwa ukubwa huo. Brigedi hiyo itaishi au kukwama kwa reli.

Kama ningeulizwa ni wapi pa kujifunza, ningemtuma mtu Eindhoven, Uholanzi. Tangu 2010 kuna kamandi ya usafiri wa anga ya kijeshi ambayo sasa ina nchi saba. Kila nchi inabaki na umiliki wa ndege zake, lakini mpango wa nani anaruka wapi na amebeba mzigo wa nani unafanywa mahali pamoja. Nchi ikiwa na sababu nzito inaweza kuziondoa ndege zake kwenye mpango. Kwa kuwa mlango wa kutoka uko wazi, hakuna aliyeogopa kuingia. Kwenye uwanja huo huo kuna ndege za kujaza mafuta angani zinazomilikiwa kwa hisa na nchi kadhaa ambazo peke yake kila moja isingemudu. Uholanzi pia imeziunganisha brigedi zake zote tatu za nchi kavu na divisheni za Ujerumani, na kwa miongo mitatu manowari zake na za Ubelgiji zimekuwa chini ya admirali mmoja. Hivi vitu havipigiwi kelele. Kwa maoni yangu ndivyo vilivyo karibu zaidi na jeshi la Ulaya kuliko hotuba zote za viongozi, na vimejengwa na wawili watatu walioaminiana.

Bado kuna Marekani. Nchi 23 kati ya 27 ni wanachama wa NATO. Zisizokuwamo ni Austria, Ireland, Malta na Cyprus. Finland iliingia 2023 na Sweden 2024. Denmark, iliyojitenga na sera ya ulinzi ya Umoja kwa miaka 30, ilipiga kura ya maoni Juni 2022 na theluthi mbili wakakubali kuingia. Machi 2025 Marekani ilisimamisha kwa siku kadhaa silaha na taarifa za kijasusi kwa Ukraine, baada ya mabishano ya hadharani ya Trump na Zelensky katika Ikulu ya White House. Siku zile chache ziliwafundisha Wazungu kuliko miaka ishirini ya makongamano. Kinachokosekana Ulaya kinajulikana kwa majina: setilaiti za upelelezi, ndege za mizigo mizito, ulinzi dhidi ya makombora ya masafa marefu, na mtu wa kuamrisha vikosi vya nchi nyingi kwa wakati mmoja. Silaha za nyuklia, ndani ya Umoja, zinabaki kwa Ufaransa pekee. Uingereza, yenye jeshi zito na nyuklia pia, ilitoka mwaka 2020, kisha Mei 2025 ikatia saini makubaliano ya ushirikiano wa ulinzi na Umoja ilioutoka. Kujaza mapengo hayo ni kazi ya miaka kumi au zaidi hata fedha zikiwepo, na anayewaambia wanafunzi kwamba Ulaya itajitegemea kesho anawadanganya.

Sasa, sisi inatuhusu vipi? Inatuhusu kwa fedha na kwa bahari, na kwa kura zinazopigwa Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya. Tangu Desemba 2008 manowari za Ulaya, katika operesheni ya Atalanta, zimekuwa zikipambana na maharamia wa Kisomali, na washukiwa wengi waliokamatwa mwanzoni walishtakiwa Mombasa kwa makubaliano na Kenya. Wanajeshi wa Somalia walianza kufundishwa na Ulaya mwaka 2010 wakiwa Bihanga, Uganda. Posho za askari wa Uganda, Burundi na Kenya waliokuwa chini ya Umoja wa Afrika huko Somalia zililipwa kwa miaka mingi na Ulaya, na ilipozipunguza kwa asilimia 20 mwaka 2016, kambi za Mogadishu zililisikia mara moja. Mfuko ule ule niliotaja, uliobuniwa zaidi kwa ajili yetu, sasa sehemu yake kubwa imekwenda Ukraine, na serikali za kwetu zilizozoea kuuhesabu katika bajeti za operesheni zao lazima zilione hilo mapema.

Mfano wa karibuni ndio ninaoupa uzito kuliko yote. Desemba 2022 mfuko huo uliipa Rwanda Euro milioni 20 kwa ajili ya askari wake wanaopambana na waasi Cabo Delgado, Msumbiji, hatua chache kutoka Mtwara. Novemba 2024 ukaongeza milioni 20 nyingine, ingawa Kongo ililalamika. Januari 2025 kundi la waasi la M23, linaloshutumiwa kusaidiwa na Rwanda, likaiteka Goma. Mwezi uliofuata vikwazo dhidi ya wahusika vilichelewa Brussels kwa sababu Luxembourg ilitaka visubiri matokeo ya juhudi za Waafrika wenyewe. Vikapita Machi, vikiwagusa makamanda wa jeshi la Rwanda, na siku hiyo hiyo Rwanda ikavunja uhusiano wa kibalozi na Ubelgiji. Jeshi moja, mfuko mmoja, chumba kimoja cha mawaziri, na maamuzi mawili yanayovutana, kwa sababu kila nchi iliyomo chumbani ina shauri lake: Ufaransa ina mradi wa gesi wa kampuni yake Cabo Delgado, Ubelgiji ina historia yake na Kongo, nyingine hazina hili wala lile. Kamisheni imependekeza Euro bilioni 131 kwa ulinzi na anga za juu katika bajeti ya 2028 hadi 2034. Bajeti hiyo nayo itahitaji kauli moja ya wote 27.